Bendera zenye Takbiri: jibu kwa fundi wa Kampala

Swali: Mzee wangu, salamu. Mimi ni fundi wa kushona hapa Kampala, karibu na Kiyembe. Shule moja ya Kiislamu kule Mbale imeniagiza bendera za nchi nane za Kiislamu kwa sherehe ya wanafunzi, kila moja sentimita 90 kwa 135. Nne kati yake zina maandishi ya Kiarabu: Iraki, Irani, Saudia na Afghanistan. Mimi ni Mkristo na Kiarabu sisomi. Nimeambiwa maneno yaliyo kwenye bendera ya Iraki ni "Allahu Akbar". Yalifikaje kwenye bendera? Nitayashonaje yasomeke pande zote mbili? Na je, ni kosa mtu kama mimi kuyashika na kuyakata kwa mkasi?

Jibu: Ndugu fundi, nianze na upande wa nyuma, kwa sababu kazi nyingi za aina hii huharibikia hapo, na kosa huonekana wakati vitambaa vimekwisha kuunganishwa.

Bendera ya Uganda bila shaka umeishona mara nyingi. Ngaali, yule korongo mwenye taji, hutazama mlingoti. Ukizunguka upande wa pili utamwona amegeuka, lakini bado anatazama mlingoti, na hakuna anayelalamika, maana ndege aliyegeuzwa ni ndege yuleyule. Maandishi hayako hivyo. Kiarabu husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na ukikigeuza kama kwenye kioo hakisomeki tena. Kwa hiyo bendera yenye maandishi inataka vitambaa viwili vilivyo sawasawa kabisa, migongo ikitazamana. Fundi aliyezoea ngaali hukata upande wa pili ukiwa umegeuzwa, mkono ukifuata mazoea, na kitambaa kizima kinakuwa hasara.

Saudia hutengeneza bendera yao kwa namna hiyo: pande zote mbili ni sawa, maneno yanasomeka kutoka kulia popote unaposimama, na upanga ulio chini yake unaelekeza ncha kushoto kwa pande zote mbili. Matokeo yake ni kwamba upande mmoja ncha inaelekea mlingoti na upande mwingine inaelekea nje. Mteja akikuambia umekosea kwa sababu upanga "umegeuka", mweleze hilo.

Sasa maneno yenyewe. "Allahu Akbar", yaani Mungu ni mkubwa kuliko vyote, ndiyo Takbiri. Ni maneno ya ibada kabla hayajawa ya serikali yoyote. Adhana unayoisikia kutoka Old Kampala au Kibuli huanza kwa Takbiri nne na karibu na mwisho huwa na mbili zaidi. Swala hufunguliwa kwa Takbiri, na karibu kila mwendo ndani yake, kuinama, kusujudu, kuinuka, huenda na Takbiri nyingine: swala ya rakaa mbili ina 11, ya rakaa nne ina 22. Ukijumlisha swala tano za faradhi za siku moja unapata 94. Swala ya jeneza haina kuinama wala kusujudu; ni Takbiri nne huku watu wamesimama. Swala ya Idi, kwa madhehebu ya Shafi wanayoyafuata Waislamu wengi wa Uganda, ina Takbiri saba za ziada katika rakaa ya kwanza na tano katika ya pili. Mchinjaji husema "Bismillahi, Allahu Akbar" kabla ya kupitisha kisu. Na kwenye mikutano mtu mmoja huita "Takbiir!" umati ukajibu. Nimeyataja haya ili uone kwamba watakaoitazama bendera yako pale Mbale wanayajua maneno hayo tangu utotoni, na kosa dogo watalitambua wakiwa mbali.

Kwa kuwa husomi Kiarabu, jifunze kuyakagua kwa umbo. Maneno ni mawili, na kila moja lina herufi nne. La kulia ni alifu, lamu, lamu, ha. Alifu husimama peke yake kama kijiti. Lamu mbili na ha hushikana. La kushoto ni alifu, kafu, ba, ra. Hapo tena alifu iko peke yake na tatu zilizobaki zimeshikana. Herufi ni nane, lakini vipande vya kukata ni vinne: kijiti, fungu, kijiti, fungu. Nukta ni moja tu, chini ya ba. Juu ya kijiti cha pili huweza kuwa na alama ndogo ya hamza, na juu ya neno la kwanza huweza kuwa na alama nyingine ndogo. Katika mwandiko wa Kufi, ule wa pembe na mistari iliyonyooka, nukta na alama hizo huenda zikaachwa. Hilo si kosa, ila usiziongeze wewe wala usiziondoe. Fuata mchoro rasmi ulionao.

Hesabu ya vipande vinne ina kazi kubwa kwenye kompyuta. Programu nyingi za kuchora mabango, hasa matoleo ya zamani, hazijui kuunganisha herufi za Kiarabu. Ukibandika maneno ndani yake, herufi zinatawanyika na mara nyingine zinajipanga kutoka kushoto. Ukiona vipande vinane vilivyotengana, simamisha kazi papo hapo. Aliyezoea herufi za Kilatini haoni tofauti. Kwake ni michoro tu. Mwenye kusoma Kiarabu anaona takataka.

Shahada, yale maneno yaliyo kwenye bendera za Saudia na Afghanistan, ina kipimo chake. Maneno ni "La ilaha illa Allah, Muhammad rasulu Allah", yaani hapana mungu ila Mwenyezi Mungu, Muhammad ni Mtume wa Mwenyezi Mungu. Ni marefu kuliko Takbiri, lakini hakuna herufi hata moja ndani yake yenye nukta. Alama za irabu huweza kuwepo, nazo ni mikwaju midogo. Ukiona nukta halisi chini au juu ya herufi, ama umepewa maneno mengine, ama aliyechora amekosea.

Umeuliza yalifikaje kwenye bendera. Nitakaa zaidi kwa Iraki, kwa sababu historia yake ndiyo itakayokuokoa usishone bendera iliyopitwa na wakati.

Bendera ya kanda tatu za kulala, nyekundu, nyeupe na nyeusi, yenye nyota tatu za kijani katikati, Iraki iliichukua mwaka 1963, wakati wa ndoto ya kuungana na Misri na Syria. Haikuwa na neno lolote. Takbiri iliingizwa kati ya nyota Januari 1991, siku chache kabla mashambulizi ya anga ya vita vya Ghuba hayajaanza, kwa amri ya Saddam Hussein. Mwandiko ulisemekana kuwa wa mkono wake mwenyewe. Chama chake cha Baath hakikuwa chama cha dini. Kwa wakati ule kilihitaji kuonekana mbele ya Waislamu kwamba kinapigana vita vyao, na sioni sababu nyingine iliyo na uzito zaidi ya hiyo.

Jambo la kuangalia ni kilichotokea alipoondoka. Aprili 2004 ulitolewa mchoro mpya kabisa, mweupe wenye mwezi wa buluu, bila Takbiri wala nyota. Watu waliukataa kwa nguvu na ukafa pale pale. Mwaka huohuo Takbiri ikaandikwa upya kwa mwandiko wa Kufi, ili mkono wa Saddam uondoke na maneno yabaki. Januari 2008 bunge likaondoa nyota tatu, ambazo wengi, Wakurdi hasa, walizihesabu kuwa alama ya utawala wa Baath. Nyota zilizokuwepo tangu 1963 zikaenda. Maneno yaliyoletwa na mtu yuleyule waliyekuwa wakimfuta hayakuguswa, kwa sababu maneno ya adhana ukishayaweka kwenye bendera, hakuna mwanasiasa atakayekubali kuonekana akiyafuta.

Kwa kazi yako basi: bendera ya Iraki ya leo haina nyota. Ukiletewa picha yenye nyota tatu, hiyo ni ya zamani. Yenye nyota na maandishi ya kulalia kama ya kalamu ni ya 1991 hadi 2004. Yenye nyota na maandishi ya pembe ni ya 2004 hadi 2008. Picha zote hizi bado zinazunguka kwenye simu za watu, na mteja hukutumia aliyoipata kwanza.

Irani ina Takbiri nyingi kuliko zote, na watu wengi hawazioni. Bendera yao ya sasa ilipitishwa Julai 1980. Kanda ni kijani juu, nyeupe katikati, nyekundu chini. Kwenye ukingo wa chini wa kijani na ukingo wa juu wa nyekundu kuna kitu kinachofanana na urembo wa nakshi nyeupe. Hiyo ni Takbiri kwa mwandiko wa Kufi, imerudiwa mara 11 juu na mara 11 chini, jumla 22. Hesabu hiyo inatokana na tarehe: mapinduzi yalishinda siku ya 22 ya mwezi wa Bahman kwa kalenda yao, ambayo ni 11 Februari 1979. (Wapo wanaoifurahia hesabu hiyo kwa kuwa ni sawa na Takbiri za swala ya rakaa nne, lakini chanzo chake ni tarehe.) Nembo nyekundu ya katikati ni jina la Mungu, lililochorwa kwa miezi minne na upanga. Upande wa kushoto na wa kulia unalingana, kwa hiyo ikigeuzwa haiharibiki. Zile Takbiri 22 ndizo zitakazoharibika.

Hapa pia kipimo chako kina kasoro. Bendera ya Irani si 2 kwa 3. Ni 4 kwa 7. Kwa kimo cha sentimita 90, urefu wake ni 157.5, na kila Takbiri inapata takriban sentimita 14 za nafasi. Waulize shule kama wanataka vipimo halali au bendera zote zilingane. Wakitaka zilingane kwa 135, usikate nakshi mwishoni ili itoshe, maana utabaki na Takbiri tisa na nusu hivi. Punguza upana wa kila moja hadi sentimita 12 na robo hivi, zote 11 zienee.

Saudia haina Takbiri, ina Shahada nyeupe juu ya kijani na upanga chini yake, kipimo 2 kwa 3. Katiba yao ya 1992 inasema bendera hiyo haishushwi nusu mlingoti kamwe, hata kwa msiba wa mfalme. Mwandiko ni wa Thuluthi, na maneno yamepandishwa, mengine juu ya mengine. Kwa hiyo usiyachape kwa herufi za kompyuta hata kama zinaitwa Thuluthi; utapata mstari mmoja mrefu na kila mtu atajua si bendera ya Saudia. Chukua mchoro rasmi mzima.

Afghanistan uliza kwanza. Bendera ya kanda tatu za kusimama, nyeusi, nyekundu, kijani, ina nembo nyeupe katikati: msikiti wenye mihrabu na mimbari, na juu yake Shahada pamoja na Takbiri. Katiba ya 2004 ndiyo iliyoyataja maneno yote mawili. Tangu Agosti 2021 Taliban wanaotawala Kabul wanapandisha bendera nyeupe yenye Shahada nyeusi, bila nembo. Umoja wa Mataifa unaendelea kupandisha ile ya kanda tatu. Ni mzozo wa kisiasa na wewe huwezi kuumaliza kwa cherehani. Acha shule ichague, na jibu lao liwe kwa maandishi.

Na wateja wako Wasomali wa Kisenyi wakikuletea kazi, kumbuka kwamba bendera ya Somalia ni buluu yenye nyota nyeupe, haina maandishi. Yenye Shahada nyeupe juu ya ukanda wa kijani na nyota nyeusi katikati ni ya Somaliland, ya 1996. Kuzichanganya hizo mbili mbele ya Msomali ni kujitafutia maneno.

Maneno haya hayakuishia kwenye vitambaa. Libya chini ya Gaddafi, aliyefadhili msikiti wa taifa wa Old Kampala, iliimba "Allahu Akbar" kama wimbo wa taifa kuanzia 1969 hadi 2011. Ulikuwa wimbo wa Misri wa mwaka 1956, wakati wa vita vya Suez. Wala sisi hatuko mbali na jambo hilo: ngao ya Uganda imeandikwa chini yake "Kwa Mungu na Nchi Yangu", ila kwa Kiingereza, na kwa bahati nzuri ya mafundi haijawekwa kwenye bendera.

Tuje kwenye cherehani. Chukua Iraki, 90 kwa 135, ya pande mbili. Kila ukanda ukikamilika ni sentimita 30. Kwa kuwa pande mbili zitashonwa uso kwa uso kisha zigeuzwe, kata kila ukanda kimo cha sentimita 33 na urefu wa 138, yaani sentimita moja na nusu ya mshono kila upande. Unahitaji kanda sita: nyekundu mbili, nyeupe mbili, nyeusi mbili. Tumia poliesta nyepesi. Pamba huchuja rangi ikinyeshewa, na nyekundu ikichuja juu ya nyeupe hakuna dawa.

Shona Takbiri juu ya ukanda mweupe kabla hujauunganisha na mwingine, na kila upande peke yake. Wapo mafundi wanaojaribu kushona maandishi ya mbele na ya nyuma kwa mpigo mmoja, sindano ikipita vitambaa vyote. Haiwezekani. Umbo la nyuma halilingani na la mbele, kwa hiyo mishono ya upande mmoja inatokea katikati ya nafasi nyeupe ya upande mwingine.

Kitambaa cha kijani kibandike kwa pasi kwenye kitambaa cha gundi kwanza, ndipo uchore na kukata. Bila hivyo kingo zinachanua nyuzi. Mwandiko wa Kufi ni rafiki wa mkasi kwa sababu ya mistari iliyonyooka. Hatari iko kwenye matundu: ha mwishoni mwa neno la kwanza ina uwazi ndani, na mtu mwenye haraka huuziba au hukata kipande kizima kikatoka. Tumia kisu chenye ncha kwa matundu, mkasi kwa nje. Mchoro ukiuchora upande wa gundi, yaani mgongoni mwa kitambaa, lazima uwe umegeuzwa. Ukiuchora upande wa uso, uwe wa kusomeka. Chagua njia moja na uandike kwa penseli neno "USO" kwenye kila kipande, pamoja na mshale wa kuonyesha juu.

Panga vipande vinne kwenye ukanda mweupe, kijiti cha neno la kwanza kikiwa kulia kwako. Tafuta katikati ya ukanda kwa kuukunja mara mbili, na upime kutoka katikati kwenda nje, usianze pembeni. Bandika kwa pasi, kisha zungusha zigizaga ya upana wa milimita 3, hatua fupi kiasi cha nusu milimita hadi moja. Kwenye pembe za Kufi, acha sindano chini, inua mguu wa cherehani, geuza kitambaa. Ukizungusha pembe bila kusimama zinakuwa mviringo na mwandiko unapoteza tabia yake. Nyuma ya ukanda weka karatasi unapopiga zigizaga, uichane baadaye, la sivyo kitambaa chepesi kinavutika na neno linapinda.

Sasa unganisha kanda tatu za upande wa kwanza, halafu tatu za upande wa pili, kwa mpangilio uleule: nyekundu juu, maneno yakisomeka. Hizi ni bendera mbili zinazofanana kama pacha. Kwa sababu maneno yako katikati kabisa, huna haja ya kujua mlingoti uko wapi hadi mwisho. Kati ya pande hizi weka tabaka la tatu, kitambaa kizito cheupe kisichopitisha mwanga, angalau nyuma ya ukanda mweupe. Ukikosa tabaka hilo, jua likiwa nyuma ya bendera kijani cha upande wa pili kitaonekana kama kivuli, maneno mawili yakipishana, na hakuna litakalosomeka. Hilo ni kosa la pili kwa wingi baada ya lile la kugeuza. Saudia haina shida hiyo sana, kijani chake ni kizito, lakini maandishi meupe yakishonwa juu ya kijani huruhusu kijani kuonekana kwa chini. Weka tabaka mbili za nyeupe.

Geuza, piga pasi, shona ukingo wote kwa mshono wa juu. Upande wa nje unaopigwa na upepo uupe mistari mitatu au minne ya mshono, maana ndiko bendera huanza kuchanika. Upande wa mlingoti ongeza mkanda imara wa sentimita 4 wenye matundu ya chuma. Bendera ya tabaka tatu ni nzito na haipepei kwa upepo mdogo. Kwa sherehe ya ukumbini hilo halina neno. Kama itakaa nje siku nyingi, mwambie mteja mlingoti uwe imara.

Irani na Afghanistan usizishone kwa mkono. Maandishi ni madogo mno. Zipeleke Nasser Road wazichape kwenye poliesta nyeupe, kila upande kitambaa chake, kisha uunganishe kama nilivyoeleza. Faili iwe ya mchoro uliogeuzwa kuwa mistari, isiwe maandishi ya kuchapwa, kwa sababu kompyuta ya mchapaji ikikosa aina ile ya herufi itaweka nyingine bila kukuuliza. Kwa uchapaji wa joto, karatasi huchapwa ikiwa imegeuzwa, na kitambaa ndicho husomeka. Kama mchoraji wako aligeuza kwenye faili na mchapaji naye akageuza kwenye mashine, mageuzi mawili yanafutana na kitambaa kinatoka kinyume. Mmoja tu ageuze, na mkubaliane ni nani. Kwa uchapaji wa skrini kanuni ni nyingine: ukiitazama fremu kutoka upande unaovutia wino, maneno yawe yanasomeka. Kwa njia yoyote, omba kipande kimoja cha majaribio kwanza.

Kuhusu kushika na kukata. Mtu asiyekuwa Mwislamu hakatazwi kushona maneno haya, na sharti la udhu linahusu kushika Msahafu, halihusu Takbiri kwenye bendera. Utasikia, hata hivyo, baadhi ya mashehe wakinung'unika juu ya jambo lenyewe, nao wana msingi. Imamu Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa Shafi wa karne ya 13, aliandika kwamba madhehebu yake yanachukia kuandika Kurani na majina ya Mungu kwenye kuta na nguo. Kuchukia hapo si kuharamisha. Hofu ni kwamba kitambaa huchafuka, hukanyagwa, hukaliwa. Kwa hiyo hofu hiyo ndiyo uishughulikie kwenye karakana yako. Vipande vyenye jina la Mungu visianguke sakafuni vikafagiwa na takataka, visitumike kufutia mafuta ya cherehani, visiwe mto wa kukalia. Weka mfuko mmoja safi mahali pa juu kwa majaribio yaliyoharibika. Ukijaa, mpe imamu yeyote wa karibu. Vitachomwa na majivu yake kuzikwa, au vitazikwa mahali safi. Vipande vidogo visivyo na neno kamili, kijani kitupu, ni vitambaa tu, tumia upendavyo.

Shule ikitaka kuzitundika ukutani zikiwa zimening'inia kwa kusimama, usigeuze bendera ya kawaida robo mzunguko. Maneno yatasimama kwa upande, na hakuna atakayeyasoma. Bendera ya kusimama hushonwa upya, maneno yakibaki ya kulala. Waulize kabla hujakata.

Oda za ziada nazo zitakuja, maana mteja akifurahi huomba zaidi. Takbiri kwenye kibandiko cha boda ni sawa ikikaa mbele au kwenye kioo, si kwenye kiti wala kwenye walinzi wa matope. Mipira kataa. Mwaka 2007 majeshi ya Marekani yaligawa mipira yenye bendera za nchi mbalimbali huko Khost, Afghanistan, ya Saudia ikiwemo, kwa nia ya kufurahisha watoto, na watu wakaandamana kwa sababu Shahada ingepigwa mateke. Vivyo hivyo mikeka ya mlangoni, mito na vitambaa vya kufutia mikono. Na kuna oda moja ya kukataa kwa sababu nyingine: bendera nyeusi yenye Shahada nyeupe juu na duara jeupe chini yake. Maneno ni ya Waislamu wote, lakini mpangilio ule hasa unatumiwa na Daesh, kundi lililodai kuhusika na milipuko ya Kampala ya Novemba 2021, na fundi atakayekutwa nayo dukani atakuwa na maelezo marefu ya kutoa polisi.

Kabla ya mshono wa mwisho, pande zote zikiwa bado wazi, zitandaze mezani, zipige picha moja moja, kwa kamera ya nyuma ya simu. Kamera ya mbele kwenye simu nyingi hugeuza picha kama kioo, utapata wasiwasi bure. Mtumie mwalimu wa Kiarabu wa shule hiyo, umwombe akujibu kwa kila picha peke yake. Mshono ukishafungwa, kurekebisha neno moja ni kufumua bendera nzima.